Picha za lenzi ya 63 zina ukungu: ni lenzi, ni slaidi, au ni sisi watumiaji?

Ghorofa_ya_Pili:

Wakuu, habari za humu ndani.

Idara yetu ya biolojia ina hadubini moja ya fluoresensi (inayoonyesha rangi zinazong'aa zikimulikwa), na chuo kiko pwani kabisa. Taa ni ya zebaki, wati 100. Objektivu, yaani zile lenzi za karibu na slaidi, ziko nne: 10x/0.3, 20x/0.5 na 40x/0.75 za hewa, na 63x/1.4 ya mafuta, yaani tone la mafuta huwekwa kati yake na slaidi. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni NA, yaani uwezo wa lenzi kukusanya mwanga. Kamera ni ya rangi moja, pikseli 2048 kwa 2048, kila pikseli mikromita 6.5.

Watumiaji ni hawa: fundi sanifu mmoja ambaye pia anaandaa vipindi vya vitendo vya shahada ya kwanza, wanafunzi tisa wa uzamili na uzamivu, na vijana wawili watatu wa mradi wa mwaka wa mwisho ambao kila mwaka ni wapya. Mwenye mradi ni mhadhiri mwandamizi, anapita mara moja kwa wiki.

Tatizo: picha za 63x zina ukungu, kama umeziangalia kupitia nailoni. 10x na 20x ziko safi. 40x iko katikati, si mbaya sana ila haina ukali. Kinachochanganya zaidi ni kwamba wanafunzi wawili wanapaka rangi kwa utaratibu uleule, mmoja anapata picha nzuri, mwingine ukungu mtupu. Kila mmoja anamlaumu aliyetumia mashine kabla yake.

Kumwita mhandisi wa huduma ni gharama ya nauli, malazi na siku za kazi hata kabla hajagusa skrubu. Maswali yangu ni mawili. Tunaanzia wapi kutafuta kosa wenyewe? Na katika maabara yenye watu kama hawa, nani hasa anatakiwa kuwajibika na nini? Maana sasa hivi jibu ni "wote".

---

Fundi_Kioo:

Mkuu, kwa pwani neno "ukungu" lina maana mbili, na kwako zote mbili zinawezekana. Kuna ukungu wa picha kukosa ukali, na kuna ukungu ule unaoota kwenye mkate. Wa pili huzaa wa kwanza. Tuutafute kwa mpangilio, msifungue kitu kwanza.

Chukua slaidi mnayoijua kuwa nzuri, ikiwezekana ile ya dukani iliyokwisha kutengenezwa, si ya mwanafunzi yeyote. Itazame kwa macho kwanza, halafu kwa kamera. Kwa macho ikiwa safi na kwa kamera ikiwa na ukungu, objektivu hazina kosa, uchafu uko njia ya kamera. Ikiwa mbaya kote, zungusha lenzi ya jicho kwa vidole: madoa yakizunguka nayo, uchafu uko hapo. Yasipozunguka, sogeza slaidi: yakihama na slaidi, uchafu uko kwenye slaidi. Yasipohama popote na yakipotea ukibadilisha objektivu, umeshampata mhalifu.

Sasa, maelezo yako ya 40x yananiambia jambo hata kabla ya kuiona. 40x/0.75 ni lenzi ya hewa. Ikikosa ukali huku 20x iko sawa, mara nyingi imechovya kwenye mafuta. Mtu anamaliza na 63x, anataka kutazama eneo pana zaidi, anazungusha gurudumu la lenzi kurudi 40x, na uso wa 40x unapita juu ya tone la mafuta. Hakuna kengele inayolia. Filamu nyembamba ya mafuta inabaki, na kila anayefuata anaona ukungu bila kujua umetoka wapi.

Kuthibitisha: ifungue 40x kwenye gurudumu kwa mikono miwili, chomoa lenzi moja ya jicho, igeuze juu chini na uitumie kama kioo cha kukuzia. Isogeze hadi uso wa objektivu uonekane vizuri, kisha inamisha objektivu ili mwanga wa taa ya dari uakisi. Uso safi unaakisi kama kioo. Mafuta yanaonekana kama upinde wa mvua, na mafuta yaliyokauka kama ganda la ugali kwenye sufuria.

Usafishaji, kwa mpangilio huu:

Kwanza upepo, kwa kile kipulizio cha mpira. Si kwa mdomo, mate yana chumvi. Ukianza kufuta kabla ya kupuliza unasugua mchanga kwenye kioo.

Halafu nyonya mafuta kwa karatasi ya lenzi kavu, bila kusugua. Iweke juu ya uso, iache inywe, ivute upande mmoja, itupe. Karatasi ya chooni, shati na ile karatasi nyeupe ya maabara ya kufutia benchi zote zinakwaruza.

Mafuta yaliyobaki yanataka kiyeyushi. Ethanoli ya asilimia 70 ambayo kila mtu anaikimbilia haiyeyushi vizuri mafuta ya kuzamishia, inayatandaza tu. Tumia isopropanoli safi, au mchanganyiko wa heksani sehemu 85 na isopropanoli sehemu 15 ndani ya kabati la kufyonza hewa. Tone moja kwenye karatasi, si kwenye lenzi. Vuta mara moja, tupa, karatasi mpya. Baada ya karatasi nne au tano iwe imetosha. Asetoni marufuku, inakula gundi na plastiki. Kama doa ni la chumvi au bafa iliyomwagika, anza na maji yaliyochujwa kwa mvuke, maana kiyeyushi hakiyeyushi chumvi.

Kisha lile la kuvu. Tazama ndani ya objektivu kwa mwanga wa pembeni. Ukiona nyuzi zinazotawanyika kama utando wa buibui na ziko ndani, si juu ya uso, acha. Usifungue. Objektivu ya 63x/1.4 ina vioo vingi vilivyopangwa kwa usahihi wa mikromita, ukiifungua kwa bisibisi umeizika. Kuvu hutoa asidi inayokula tabaka la juu la kioo, kwa hiyo hata ikisafishwa na mtaalamu alama zinaweza kubaki. Ndiyo maana kinga ina thamani kuliko dawa.

Kinga yenyewe: kipima unyevu chumbani, na kisipande juu ya asilimia 60. Kosa la kawaida pwani ni kiyoyozi kinachowekwa nyuzi 18 mchana na kuzimwa saa kumi na moja jioni. Vioo vimepoa, hewa ya nje inaingia na unyevu wake, umande unatua ndani ya mashine. Ni afadhali nyuzi 23 au 24 usiku na mchana pamoja na mashine ya kukausha hewa. Kama bajeti hairuhusu, objektivu zilale ndani ya chombo kisichopitisha hewa pamoja na jeli ya silika yenye rangi ya kuashiria, na mashimo ya gurudumu yafungwe kwa vifuniko vyake. Jeli ya bluu ikigeuka pinki, ioke kwenye oveni nyuzi 120 hadi bluu irudi. Na msiifunike hadubini kwa nailoni taa ingali moto.

---

Slaidi_Safi:

Nakubaliana na Fundi, ila hilo la wanafunzi wawili kupata matokeo tofauti kwa mashine moja halitokani na mashine. Dada au kaka, nenda kwenye droo ya kavaslipu, vile vioo vyembamba vya kufunikia sampuli, usome maboksi.

63x/1.4 imesanifiwa kwa kavaslipu ya milimita 0.17. Hiyo ni ile iliyoandikwa namba 1.5, ambayo huwa kati ya 0.16 na 0.19. Namba 1 ni 0.13 hadi 0.16, namba 2 ni 0.19 hadi 0.23. Kwa 10x/0.3 hutaona tofauti yoyote. Kwa 40x/0.75 ya hewa utaanza kuiona, na kadiri NA inavyopanda kosa dogo la unene linakuwa kosa kubwa la picha, hasa sampuli ikiwa kwenye maji. Kuna boksi zenye herufi H baada ya 1.5: hizo zimebanwa hadi tofauti ya 0.005 tu kila upande. Bei iko juu, lakini kwa kazi ya kupima na kuhesabu zinalipa.

Mambo mengine ya slaidi yanayoleta ukungu, kwa jinsi yanavyotokea mara nyingi:

Seli zimekuzwa juu ya slaidi badala ya juu ya kavaslipu, halafu kavaslipu imelazwa juu na tone kubwa la kimiminiko. Sasa kati ya kioo na seli kuna bwawa. Mafuta ya kuzamishia yana kiwango cha kupinda mwanga cha 1.518, kioo karibu hicho hicho, lakini maji ni 1.33 tu. Mwanga ukivuka bwawa hilo picha inafifia, na kadiri unavyoshuka ndani ndivyo inavyoharibika. Gliseroli safi iko 1.47, ndiyo maana vimiminiko vingi vya kufungia vina gliseroli ndani.

Slaidi imewekwa kichwa chini. Msicheke. Umbali wa kufanyia kazi wa 63x/1.4 ni milimita 0.2 hivi, slaidi yenyewe ina unene wa milimita 1. Mwanafunzi anazungusha fokasi, haioni, anaendelea kupandisha jukwaa, na objektivu inagonga kioo. Kama 63x yenu ina mkwaruzo katikati, huenda umetoka hapo.

Mafuta ya aina mbili yamechanganyika. Mmoja anaweka ya chupa hii, mwenzake anaongeza ya chupa ile juu yake bila kufuta. Baadhi zikikutana zinakuwa kama maziwa. Chupa moja tu kwenye meza, nyingine zifungiwe. Tone liwe dogo, na kama kuna povu ndani yake utaliona ukitoa lenzi ya jicho na kuchungulia chini kwenye bomba.

Rangi ya kucha ya kuzibia kingo haijakauka. Inahamia kwenye objektivu. Na kama unatumia protini ya kijani, GFP, viyeyushi vya rangi ya kucha vinaweza kuizima kingoni. Kimiminiko kinachoganda kipewe saa 24 kikiwa kimelala gizani kabla ya kuguswa na lenzi ya mafuta.

Halafu kuna ukungu wa upakaji rangi, ambao lenzi haihusiki nao kabisa. Utaratibu mfupi wa seli zilizo juu ya kavaslipu ni huu. PFA (paraformaldehidi, ya kukaza seli) asilimia 4 kwenye bafa ya fosfati, pH 7.4, dakika 15 joto la chumba. Osha mara tatu, dakika tano tano. Kloridi ya amonia milimola 50, dakika 10, ili kunyamazisha aldehidi zilizobaki. Hatua hii ndiyo watu wanaruka, halafu wanashangaa kila kitu kinang'aa. Triton X-100 (sabuni ya kutoboa utando wa seli) asilimia 0.1, dakika 10. BSA (protini ya damu ya ng'ombe, ya kuzuia kingamwili kunata ovyo) asilimia 3, saa moja. Kingamwili ya kwanza (inayoshika protini unayoitafuta), osha, kingamwili ya pili (yenye rangi inayong'aa) gizani, osha. DAPI (rangi ya viini vya seli) mikrogramu 1 kwa mililita, dakika 5. Kingamwili zizungushwe kwenye sentrifuji kwa nguvu ya g 10,000 dakika 5 hadi 10 kabla ya kutumika, uchukue maji ya juu tu. Zile nukta nukta angavu zinazotapakaa kila mahali ni vibonge vya kingamwili.

PFA iliyotengenezwa wiki nyingi zilizopita na kukaa kwenye friji ni chanzo kingine. Itengenezwe ndani ya kabati la kufyonza hewa, nyuzi 60, matone ya hidroksidi ya sodiamu hadi iwe angavu, irekebishwe pH, igawanywe kwenye mirija midogo na kugandishwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Mrija ukiyeyushwa haugandishwi tena. Umeme ukikatika usiku kucha na friza ikayeyuka kisha ikaganda tena, mirija yote hiyo imeshayeyushwa mara moja hata kama asubuhi inaonekana haijaguswa. Weka sarafu juu ya kikombe cha barafu ndani ya friza: ukiikuta imezama, unajua kilichotokea.

Na kila kundi la slaidi liwe na moja isiyo na kingamwili ya kwanza. Bila hiyo hujui ung'aavu ni wa protini yako au wa uchafu.

---

Ghorofa_ya_Pili:

Nawashukuru sana. Tumefanya vipimo vya Fundi leo asubuhi. 40x ina upinde wa mvua usoni, kweli ni mafuta. 63x ina ganda pembezoni ila ndani hatuoni nyuzi. Kwenye droo kuna maboksi matatu ya kavaslipu: namba 1, namba 1.5 na namba 2, yote wazi. Anayepata ukungu alikuwa anatumia namba 2.

Baada ya kusafisha na kubadilisha kavaslipu, seli zinaonekana vizuri. Vipande vya tishu vya mikromita 30 bado vina ukungu. Na lile swali la watu bado liko mezani.

---

Slaidi_Safi:

Mikromita 30 kwa hadubini ya kawaida ya fluoresensi, huo ukungu ni halali. Taa inaangaza unene wote, kamera inapokea mwanga wa tabaka zote, na ni tabaka moja tu lililo kwenye fokasi. Kata mikromita 5 hadi 10 kama swali lenu linaruhusu. Kama haliruhusu, hiyo ni kazi ya konfokali, hadubini inayopokea mwanga wa tabaka moja tu kwa wakati.

---

Mwenye_Ratiba:

Nijibu la watu, maana huko ndiko mafuta kwenye 40x yanakotoka.

Kabla ya sheria yoyote, badilisheni mpangilio wa gurudumu. 63x isikae jirani na 40x. Pande zake zote mbili ziwe 10x na shimo tupu lenye kifuniko. 10x iko mbali na slaidi kwa milimita kadhaa, ikipita juu ya tone la mafuta haligusi. Mnaondoa kosa bila kumfokea mtu.

Fundi sanifu ndiye mwenye neno la mwisho juu ya mashine, na hili litangazwe na mhadhiri mbele ya wote. Mwanafunzi wa uzamivu anajiona mkubwa kuliko fundi, fundi akimwambia "leo huruhusiwi 63x" anakwenda kulalamika ghorofani. Mhadhiri akimtengua fundi mara moja tu, fundi hatasema tena. Katika ratiba ya fundi yatengwe masaa mawili kwa wiki yasiyoingiliwa na vipindi vya vitendo: kukagua nyuso za objektivu zote, kusoma kihesabu saa cha taa, kukagua daftari, kuoka jeli. Masaa hayo yasipoandikwa kwenye ratiba rasmi ya idara hayapo.

Mhadhiri: fedha za balbu, filta na karatasi za lenzi, na kuamua ugomvi wa zamu. Kufundisha watu mashine si kazi yake. Mara nyingi hajaigusa miaka kadhaa na atafundisha namna ya mashine ya zamani.

Mwanafunzi mmoja wa uzamivu awe mkufunzi. Anafundisha, lakini anayeruhusu ni fundi. Ukimpa mtu mmoja yote mawili, rafiki zake wote watapita.

Mafunzo yawe vikao vitatu. Cha kwanza saa mbili kwa slaidi ya dukani: kuwasha, kuzima, kulenga, kuweka na kufuta mafuta. Cha pili mwanafunzi analeta sampuli yake, mkufunzi mikono nyuma. Cha tatu anafanya peke yake kuanzia kuwasha hadi kuandika daftari, fundi anatazama na kunyamaza. Akisahau kufuta mafuta, kikao cha tatu kinarudiwa. Vijana wa mradi wa mwaka wa mwisho waishie 40x, na 63x watumie wakiwa na mwenyeji wao. Kwa kuzoeza mikono ya wanaoanza, si lazima mashine hii iguswe: kuna OpenFlexure, hadubini ambayo mwili wake unachapishwa kwa plastiki na kamera yake inaendeshwa na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, michoro yake ni ya wazi, na imetengenezwa na kujaribiwa Tanzania pia, Taasisi ya Afya Ifakara ikiwa mmoja wa washirika.

Daftari liwe la karatasi, limefungwa kwa kamba mezani. Safu zake: tarehe, jina, saa za taa mwanzo na mwisho, objektivu zilizotumika, aina ya sampuli, na "nilikuta nini". Safu hiyo ya mwisho ndiyo muhimu. Anayeketi anakagua kabla ya kuanza na kuandika alichokuta. Asipoandika, kinachokutwa baadaye ni chake. Ila msitoze faini. Mahali penye faini lenzi inavunjika saa nane usiku na hakuna aliyekuwepo.

Zamu: saa tatu tatu, zisizozidi mbili za mchana kwa mtu kwa wiki, kwa sababu ya taa. Taa ya zebaki ikishawashwa iwake angalau nusu saa kabla ya kuzimwa, na ikizimwa ipoe nusu saa kabla ya kuwashwa tena. Kuwasha na kuzima ndiko kunakoila. Kama mwenzako anakuja ndani ya saa moja, iacheni, anayefuata apigiwe simu kuthibitisha. Taa iwashwe kwanza kabla ya kamera na kompyuta, maana mshtuko wa umeme wa kuiwasha unaweza kuunguza saketi nyeti. Umeme ukikatika na jenereta ikarudi baada ya sekunde 10, watu wanabofya swichi palepale. Balbu ingali moto, iko kwenye shinikizo kubwa. Bandikeni karatasi kwenye swichi: NUSU SAA. UPS ya kompyuta na kamera iwe ile inayotoa umeme wake muda wote, isiyosubiri kukatika ndipo izinduke.

Balbu ikipasuka: wote nje, mlango ufungwe, madirisha wazi, nusu saa kabla ya kurudi. Ni mvuke wa zebaki huo. Vipande havifagiliwi kwa ufagio wala mashine ya kufyonza vumbi.

Na jina la fundi kwenye makala. Akiwa amewasha mashine na kuonyesha vitufe, anashukuriwa mwishoni. Akiwa ndiye aliyebuni namna ya kupiga picha, akachagua filta, akachambua, akasoma rasimu, huyo ni mwandishi mwenza. Zungumzeni kabla ya picha ya kwanza.

---

Pikseli_103:

Mwenye_Ratiba, la gurudumu ni zuri ila lina mtego. Kama gurudumu linasomwa na programu, ukihamisha objektivu bila kubadilisha orodha ndani ya programu, kila kipimio kinachochapwa kwenye picha kitakuwa cha uongo. Picha ya 63x itabandikwa kipimio cha 40x, na hakuna atakayejua hadi mhakiki wa jarida aulize kwa nini kiini cha seli kimenenepa. Baada ya kuhamisha, pigeni picha ya slaidi ya rula kwa kila objektivu. Kwa kamera yenu, mikromita 6.5 gawanya kwa 63 ni mikromita 0.103 kwa pikseli. Kwa 40x ni 0.1625, kwa 10x ni 0.65. Kama kuna lenzi ya ziada mbele ya kamera, gawanya na kwa hiyo pia.

Hiyo 0.103 inakaa vizuri. Kwa mwanga wa nanomita 520 na NA ya 1.4, vitu viwili vinatengana kuanzia nanomita 227 hivi, na pikseli inatakiwa iwe nusu ya hapo au chini kidogo. Kwa 10x/0.3 mpaka ni kama nanomita 1057, na pikseli yenu ya 650 ni kubwa mno, kwa hiyo 10x itumike kutafuta eneo, isitumike kupima.

Ukungu mwingine unatengenezwa kwenye kompyuta. Picha inahifadhiwa JPEG, inabanwa, kingo zinayeyuka. Hifadhini faili asilia la programu au TIFF. Kwenye Fiji, programu ya kuchambua picha, kuburuza kitelezo cha mwangaza hakubadilishi namba, ila ukibofya Apply umezibadilisha moja kwa moja. Wakati wa kupiga, tazameni histogramu, ile grafu ya mwangaza wa pikseli: kamera ya biti 12 inaishia 4095, na pikseli iliyofika hapo haina habari tena. Anayelinganisha sampuli mbili atumie muda uleule wa kamera na nguvu ileile ya taa kwa zote, akianza na sampuli angavu zaidi kupanga muda. Rangi nyingi kwenye slaidi moja zipigwe kuanzia mawimbi marefu, nyekundu kwanza, DAPI mwisho.

Kuhusu nafasi: picha moja yenu ya biti 16 ni kama megabaiti 8.4. Rangi nne kwa tabaka 30 ni picha 120, gigabaiti moja kwa eneo moja tu la slaidi. Kompyuta ya hadubini isiwe ghala. Kila Ijumaa mafaili yahamishwe, nakala mbili sehemu mbili, na flashi za wanafunzi zisichomekwe pale. Virusi vya flashi vimezima hadubini nyingi kuliko kuvu.

Vile vipande vya mikromita 30 mnaweza kuvijaribu kwa hesabu ya kurudisha mwanga mahali pake: pigeni tabaka kila mikromita 0.25 na mtumie programu-jalizi ya Fiji. Inasaidia, haigeuzi mashine kuwa konfokali. Mkihitaji konfokali ya kweli, tazameni Africa Microscopy Initiative pale University of Cape Town, wanapokea maombi ya watafiti wa Afrika.

---

Fundi_Kioo:

Naongeza kipimo cha kila mwezi, kwa sababu "inaonekana safi" ni maoni. Nunueni shanga za fluoresensi za mikromita 0.1, chupa moja inadumu miaka. Zipunguzeni sana kwa maji, tone likaushwe juu ya kavaslipu ya 1.5, kisha ifungwe kwenye slaidi. Piga shanga moja kwa 63x, tabaka chache juu ya fokasi na chache chini. Duara zinazopanuka ziwe sawa juu na chini. Zikiwa kali upande mmoja na kufifia mwingine, kavaslipu au mafuta si sahihi, au lenzi imeumia. Zikivutika kama mkia wa kimondo, kuna kitu kimelegea au kimeinama. Angalia kwanza kama objektivu imekazwa hadi mwisho. Upana wa shanga ukipimwa kwenye nusu ya kilele cha mwangaza wake uwe nanomita 200 hadi 250. Fundi auandike kwenye daftari. Namba ikipanda miezi miwili mfululizo ndipo mwiteni mhandisi, na mtakuwa na kitu cha kumwonyesha.

---

Ghorofa_ya_Pili:

Tunahamisha objektivu kesho na kupiga slaidi ya rula. Kihesabu saa cha taa tumekiangalia kwa mara ya kwanza leo: kinasoma 412.

---

Fundi_Kioo:

412 kwa balbu ya zebaki ya wati 100 ni hatari. Kawaida ni 200, nyingine 300. Msiiwashe tena hata kwa slaidi moja.

Kubadilisha: chomoa waya ukutani, subiri ipoe kabisa, miwani ya kinga na glavu safi. Balbu mpya usiiguse kioo kwa kidole. Mafuta ya ngozi yanaungua juu yake na kuidhoofisha, ukigusa futa kwa ethanoli. Angalia ncha chanya na hasi zisipinduliwe. Rudisha kihesabu kwenye sifuri hapohapo. Mara ya kwanza iwake saa mbili mfululizo bila kuzimwa, kisha panga katikati nukta ya mwanga na taswira yake ya kioo cha nyuma. Mkipata fedha ya LED hapo baadaye, haya yote mtayasahau. Ile ya zamani iingie kwenye boksi la mpya, iandikwe ZEBAKI, ikabidhiwe kwa wanaopokea taka hatarishi za chuo.